Bofya, Faili Lishuke: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Kiungo cha Kupakua

Umeweka PDF kwenye tovuti yako na pembeni umeandika "Bofya hapa kupakua". Mtu anabofya, kivinjari kinalifungua faili palepale. Anasoma ukurasa wa kwanza, anafunga kichupo, anaondoka. Kesho akilitaka tena hana, ingawa ukimuuliza atakuapia kwamba alishalidownload.

Kwa nyimbo na mawaidha hali ni mbaya zaidi. MP3 ikifunguka ndani ya kivinjari inaanza kupiga, na kila msikilizaji anaporudi kuisikiliza bando linaweza kuliwa upya. Faili lilelile, hela mara tatu.

Nimewasaidia walimu, wanakwaya na watu wa madrasa kwa tatizo hili mara nyingi mno, na karibu wote walikuwa wamekwama mahali pamoja: wanahangaika na kiungo wakati mwenye kauli ni seva, yaani kompyuta inayohifadhi faili na kulituma kwa msomaji. Au wanaibadilisha seva yao kumbe faili lenyewe limehifadhiwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "niandike nini kwenye kiungo", uliza faili linakaa wapi na nani anaishika seva hiyo. Jibu la swali hilo ndilo litakalokuambia hatua zipi hapa chini zinakuhusu.

## Andaa hivi kwanza

- Ruhusa ya kuhariri HTML (msimbo) ya ukurasa wako, si mwonekano wake tu.
- Nywila ya paneli ya hosti yako, yaani kampuni inayoiweka tovuti yako mtandaoni (cPanel au paneli nyingineyo), ili uweze kuingia sehemu ya mafaili. Ukizoea FTP (njia ya kuhamisha mafaili kwenda kwenye seva), hiyo pia inatosha.
- Kompyuta. Simu peke yake itakudanganya. Sababu yake iko Hatua ya 7.
- Vivinjari viwili, kwa mfano Chrome na Firefox.
- Programu ya `curl`, ya kuiuliza seva inatuma nini. Windows 10 iliyosasishwa, Windows 11 na macOS zote huja nayo, huna haja ya kusakinisha kitu.
- PDF moja ndogo ya majaribio, isiyo na siri ya mtu.
- Nakala ya faili la `.htaccess` (faili la maagizo kwa seva) kama lipo tayari. Ihifadhi kwenye kompyuta yako kabla hujagusa chochote.

## Kwa nini kivinjari hufungua badala ya kushusha

Umewahi kutuma mzigo kwa basi? Juu ya boksi unabandika karatasi: ndani mna nini, unapelekwa kwa nani. Mpokeaji anasoma karatasi kwanza, boksi baadaye. Seva nayo ikituma faili hutanguliza mistari michache ya maelezo. Mistari hiyo ndiyo heda, na hapa zinatuhusu mbili.

`Content-Type` inasema kitu hiki ni cha aina gani: PDF, wimbo, picha.

`Content-Disposition` inasema kitendewe nini. Ikiwa na neno `inline`, kionyeshwe. Ikiwa na neno `attachment`, kihifadhiwe.

Heda ya pili isipokuwepo, kivinjari hujiamulia. PDF, picha, MP3, MP4 na maandishi matupu kinajua kuyaonyesha, kwa hiyo kinayaonyesha. ZIP na DOCX hakijui kuyafungua, kwa hiyo kinayashusha. Ndiyo maana watu wengine hukuambia "weka tu kwenye ZIP". Inafanya kazi, lakini unamwachia mwenye simu kazi ya kufungua ZIP, na wengi hawaijui. Usifike huko.

## Hatua ya 1: Jua faili linakaa wapi

Fungua ukurasa wako kwenye kompyuta. Bofya kiungo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nakili anwani yake, ibandike kwenye daftari. Chini yake bandika anwani ya ukurasa wenyewe. Sasa zilinganishe herufi kwa herufi, kuanzia `https` mpaka kwenye mkwaju (`/`) wa kwanza baada ya jina la kikoa.

Zikilingana, faili liko kwako na unaendelea na Hatua ya 2.

Zikitofautiana, hata kidogo, kivinjari kinazihesabu kuwa sehemu mbili zisizojuana. Watu wengi huteleza hapa: `https://example.com` na `https://www.example.com` ni tofauti. `http` na `https` ni tofauti. `mafaili.example.com` na `example.com` ni tofauti, hata kama zote unazilipia wewe.

Kama tofauti ni ya `www` tu au ya herufi `s`, dawa ni kuondoa sehemu yote ya mbele na kubakiza njia ya ndani:

```
/pakua/hisabati-kidato-4-2023.pdf
```

Kiungo cha namna hii hufuata anwani yoyote ambayo msomaji amejia, na kinakuepusha pia na shida nyingine: Chrome huzuia faili la `http` linaloshushwa kutoka kwenye ukurasa wa `https`.

Kama faili liko Google Drive, Dropbox au seva nyingine kabisa, ruka hadi Hatua ya 5. Usipoteze muda kwenye hatua ya 3 na 4.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Faili langu liko kwenye seva fulani, na mwenye kuishika ni fulani."

## Hatua ya 2: Lipe faili jina linalosafiri vizuri

Faili likishashushwa, jina ndilo litakalobaki nalo kwenye simu ya mtu kwa miaka. `scan0004.pdf` halitamkumbusha chochote. `Hisabati Form IV (final) (2).pdf` lina nafasi na mabano, na kwenye anwani nafasi hugeuka kuwa `%20`.

Tumia herufi ndogo, tarakimu na vistari tu: `hisabati-kidato-4-2023.pdf`. Seva nyingi huendeshwa kwa Linux, ambayo kwake `Hisabati.pdf` na `hisabati.pdf` ni mafaili mawili.

Angalizo letu sisi tunaoandika Kiswahili: ondoa kibainishi kwenye majina ya mafaili. `ng'ambo.mp3` linasomeka vizuri kwa macho, ila alama ile ikikutana na msimbo ulioandikwa kwa alama moja za kunukuu inaukata katikati. Andika `ngambo.mp3`, kisha kwenye maandishi ya kiungo ndipo uweke "Ng'ambo" kwa tahajia yake sahihi.

## Hatua ya 3: Ongeza neno `download` kwenye kiungo

Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Kiungo chako cha kawaida kiko hivi:

```
<a href="/pakua/hisabati-kidato-4-2023.pdf">Pakua mtihani</a>
```

Ongeza neno moja:

```
<a href="/pakua/hisabati-kidato-4-2023.pdf" download>Pakua mtihani</a>
```

Ukitaka faili lihifadhiwe kwa jina tofauti na lile lililoko kwenye seva, lipe neno hilo thamani:

```
<a href="/pakua/h4-23.pdf" download="hisabati-kidato-4-2023.pdf">Pakua mtihani</a>
```

Anayetumia WordPress ana njia ya mkato. Kwenye kihariri chagua bloku ya faili, ile iitwayo File. Huja na kitufe cha kupakua chenye neno hili tayari. Kwenye bloku za kawaida, badilisha mwonekano kuwa HTML kwanza, maana ukibandika msimbo kwenye sehemu ya maandishi utaonekana kama maandishi.

Maonyo ni matatu, na la tatu ndilo zito.

La kwanza: kama kiungo kilikuwa na `target="_blank"`, kiondoe. Hakisaidii kitu hapa, na kwenye baadhi ya vivinjari kichupo kitupu hufunguka na kujifunga, mtu akadhani kimeharibika.

La pili: neno `download` linaheshimiwa tu kama faili na ukurasa viko sehemu moja, kwa maana ya Hatua ya 1. Chrome ilikuwa ikiliheshimu hata kwa faili la seva nyingine, ikaacha kuanzia toleo la 65 mwaka 2018. Maelekezo mengi yaliyoandikwa kabla ya hapo bado yanazunguka mtandaoni, na watu bado wanayafuata kwa uaminifu na kufeli.

La tatu: neno hili linaishi ndani ya ukurasa wako tu. Na sisi tunajuana. Mtu mmoja atanakili anwani ya PDF yenyewe, ataitupa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na watu mia mbili wataibofya kutoka huko bila kuuona ukurasa wako. Kwao neno `download` halipo. Faili litafunguka kwenye kivinjari kama zamani.

Umefaulu ukibofya kiungo kwenye kompyuta na faili likaonekana kwenye orodha ya vilivyopakuliwa, bila ukurasa wako kuondoka. Kama tovuti yako haisambazwi kwa viungo vya moja kwa moja, unaweza kuishia hapa. Mimi siishii hapa.

## Hatua ya 4: Iambie seva itume heda ya `attachment`

Hapa ndipo dawa yenyewe ilipo. Ukifanikiwa hapa, faili litashuka hata likibofywa kutoka WhatsApp, kwenye barua pepe au kwenye tovuti ya jirani.

### Tenga folda yake

Tengeneza folda mpya, iite `pakua`, na uhamishie humo mafaili ya kupakuliwa tu. Usiweke amri kwenye folda kuu ya tovuti. Ukifanya hivyo, PDF zote zitashuka, pamoja na ile ya ratiba uliyotaka watu waisome palepale, na PDF uliyoipachika ndani ya ukurasa itaacha kuonekana.

Picha na nyimbo zilizopachikwa hazina tabu hiyo. Kichezeshi cha sauti na picha iliyowekwa kwa `<img>` havijali `Content-Disposition`. Kwa hiyo wanakwaya wanaweza kuweka kichezeshi cha kusikiliza na kiungo cha kupakua, vyote vikitumia MP3 ileile.

### Seva za Apache na LiteSpeed

Hizi ni programu zinazoendesha seva, na hosti nyingi za bei nafuu zenye cPanel ziko kundi hili. Ndani ya folda `pakua` tengeneza faili liitwalo `.htaccess`, nukta mwanzoni, halina kiambishi kingine mwishoni. Andika:

```
<FilesMatch "\.(?i:pdf|mp3|mp4)$">
  Header set Content-Disposition attachment
</FilesMatch>
```

Mstari wa kwanza unachagua mafaili kwa viambishi vyake, yawe ya herufi kubwa au ndogo. Mstari wa pili unabandika karatasi kwenye mzigo. Jina la faili hujaliandika kwa sababu kivinjari hulichukua kwenye anwani yenyewe, na ndiyo faida ya Hatua ya 2. Ukilazimika kuandika jina lenye nafasi kwenye heda, lizungushie alama za kunukuu, la sivyo Firefox italikata kwenye nafasi ya kwanza.

Mambo yanayowakwamisha watu hapa ni haya:

Faili halionekani baada ya kulihifadhi. Majina yanayoanza na nukta hufichwa. Kwenye sehemu ya mafaili ya cPanel, fungua mipangilio na uweke tiki kwenye kuonyesha mafaili yaliyofichwa.

Jina limeongezewa mkia. Notepad ya Windows hupenda kuhifadhi `.htaccess.txt`. Seva hailitambui, halafu haikuambii. Ni salama zaidi kulitengeneza ndani ya paneli yenyewe.

Kosa namba 500. Umekosea herufi, au moduli ya `mod_headers` (sehemu ya Apache inayoshughulikia heda) haijawashwa, au hosti hairuhusu amri hii. Usitaharuki. Badilisha jina la `.htaccess` liwe `htaccess-zamani` na mafaili ya folda hiyo yatafunguka tena. Kwa kuwa uliliweka ndani ya `pakua` tu, sehemu nyingine za tovuti yako hazikuguswa.

Utakuta maelekezo mengi yanakuambia uzungushie amri hii `<IfModule mod_headers.c>`. Sishauri, angalau wakati wa majaribio. Ukizungushia, moduli isipokuwepo seva itapuuza amri kimyakimya, nawe utakaa jioni nzima ukitafuta kosa la herufi ambalo halipo. Afadhali kosa linalopiga kelele.

Hakuna kosa, na hakuna kilichobadilika. Baadhi ya hosti huweka Nginx, programu nyingine ya seva, mbele ya Apache, na Nginx ndiyo inayotoa PDF na picha moja kwa moja. `.htaccess` yako haisomwi kabisa. Mwandikie mtu wa hosti: "Tafadhali wekeni `Content-Disposition: attachment` kwa folda `/pakua/`, mafaili haya yanatolewa na Nginx." Ukiandika hivyo atakuelewa mara moja. Ukiandika "PDF zangu hazishuki" mtaandikiana wiki nzima.

### Seva ya Nginx unayoisimamia mwenyewe

Ndani ya `server` ya tovuti yako ongeza:

```
location /pakua/ {
    add_header Content-Disposition attachment;
}
```

Kagua kwa `nginx -t`, kisha ipakie upya kwa `systemctl reload nginx`. Kuna mtego mmoja. Ukiweka `add_header` ndani ya `location`, zile ulizoziandika ngazi ya juu, mathalani za usalama, hazirithiwi tena kwenye folda hiyo. Zirudie ndani yake.

### Usiidanganye `Content-Type`

Njia ya zamani ni kuiambia seva kwamba PDF ni `application/octet-stream`, yaani rundo la data lisilojulikana. Kivinjari kikishindwa kulitambua, kinalishusha. Ni kweli hushuka, lakini kwenye baadhi ya simu linaweza kufika bila utambulisho na simu isijue ilifungue kwa programu gani. Acha `Content-Type` iseme kweli, `application/pdf`, na uiachie `Content-Disposition` kazi yake.

Umefaulu ukiandika anwani ya PDF moja kwa moja kwenye kivinjari, bila kupitia ukurasa wowote, nayo ikashuka.

## Hatua ya 5: Faili likiwa kwa wengine

Hapa huna mkono kwenye heda. Unachoweza ni kutumia anwani ambayo mwenye seva ameiandaa kwa kazi ya kupakua.

Google Drive. Wenye Blogspot wengi huangukia hapa, kwa kuwa Blogspot haina mahali pa kuhifadhi PDF. Kiungo cha kushiriki huwa hivi:

```
https://drive.google.com/file/d/NAMBA-YA-FAILI/view
```

Chukua ule msururu mrefu wa herufi na tarakimu ulio kati ya `/d/` na `/view`, uweke hapa:

```
https://drive.google.com/uc?export=download&id=NAMBA-YA-FAILI
```

Hakikisha umeruhusu kila mwenye kiungo aone, la sivyo wageni wataombwa kuingia kwenye akaunti. Faili linalozidi MB 100 huleta kwanza ukurasa wa onyo kwamba halikukaguliwa virusi, na mtu anabofya tena. Onyo hilo huliondoi. Tena, faili likipakuliwa na watu wengi kwa muda mfupi Drive hulifungia kwa muda. Kwa mtihani unaosakwa na wanafunzi wa mkoa mzima usiku wa kuamkia mtihani, Drive si mahali pa kutegemea.

Hati ya Google Docs. Badala ya `/edit` mwishoni, weka `/export?format=pdf`. Mtu atapata PDF ya hati kama ilivyo dakika hiyo, hata ukiwa unaendelea kuirekebisha.

Dropbox. Mwisho wa kiungo kuna `dl=0`. Iandike `dl=1`. Basi.

Hifadhi za wingu kama Amazon S3. Kila faili lina maelezo yake. Ongeza humo `Content-Disposition` yenye thamani `attachment`. Kwenye Cloudinary unaongeza `fl_attachment/` mara tu baada ya `/upload/` ndani ya anwani.

Tovuti ya taasisi nyingine. Ukiunganisha na PDF ya Baraza la Mitihani au ya wizara, uamuzi wa kufungua au kushusha ni wao. Unaweza tu kumwelekeza msomaji: bofya, likifunguka, bonyeza Ctrl na S pamoja. Kunakili faili na kuliweka kwako ni suala la ruhusa, si la HTML.

Umefaulu ukijaribu kiungo kwenye dirisha la faragha, ambamo hujaingia kwenye akaunti yoyote, na faili likashuka.

## Hatua ya 6: Tumia PHP pale tu unapolazimika

PHP ni lugha ya programu inayoendeshwa kwenye seva. Kuna sababu mbili za kweli za kuitumia: unataka kuhesabu waliopakua, au faili ni la wanachama pekee. Kama huna mojawapo, ruka. Faili linalotolewa na seva yenyewe kwa kawaida linaweza kuendelea pale lilipokatikia mtandao unaposuasua. La PHP nyepesi kama hii haliwezi. Limefika asilimia 80, mtandao umekatika, unaanza upya. Kwa anayenunua bando la siku huo ni ukatili.

Ukilazimika, andika `shusha.php`:

```
<?php
$orodha = [
  'hisabati'  => 'hisabati-kidato-4-2023.pdf',
  'kiswahili' => 'kiswahili-kidato-4-2023.pdf',
];
$ombi = $_GET['faili'] ?? '';
if (!is_string($ombi) || !isset($orodha[$ombi])) {
  http_response_code(404);
  exit('Faili halipo.');
}
$jina = $orodha[$ombi];
$njia = __DIR__ . '/pakua/' . $jina;
if (!is_file($njia)) {
  http_response_code(404);
  exit('Faili halipo.');
}
header('Content-Type: application/pdf');
header('Content-Disposition: attachment; filename="' . $jina . '"');
header('Content-Length: ' . filesize($njia));
readfile($njia);
exit;
```

Kiungo kinakuwa `/shusha.php?faili=hisabati`. Kama mafaili ni ya wanachama, weka ukaguzi wa uanachama kabla ya `header` ya kwanza, na uihamishe folda nje ya sehemu inayofikiwa na umma, la sivyo mtu ataliendea faili moja kwa moja na kuiacha PHP yako mlangoni.

Hatari ya kweli. Utaona mifano inayopokea jina la faili kutoka kwenye anwani na kulipeleka moja kwa moja kwenye `readfile`. Usithubutu. Mtu ataandika `../wp-config.php` na seva itamkabidhi nywila ya hifadhidata yako kwa adabu zote. Ndiyo maana hapo juu kuna orodha: kisichokuwemo hakitoki.

Jambo la pili ni dogo lakini linasumbua. Kusiwe na nafasi wala mstari mtupu kabla ya `<?php`, na usifunge kwa `?>`. Herufi moja iliyotangulia inaweza kuzuia heda zisitumwe, au kuingia ndani ya PDF na kuiharibu.

Umefaulu faili likishuka, likafunguka bila malalamiko, na ukubwa wake ukalingana na wa asili mpaka kwenye baiti.

## Hatua ya 7: Pima kwa chombo kisichodanganya

Mwalimu mmoja aliniambia kiungo chake kimepona. Alijaribu kwenye simu yake, PDF ikashuka vizuri. Nikafungua kwenye kompyuta yangu: linafunguka kama siku ya kwanza. Hakuwa amebadilisha chochote kilichofanya kazi. Chrome ya Android kwa miaka mingi haikuwa na kionyeshi cha PDF, hivyo ilishusha kila PDF iwe umeiambia au hukuiambia. Simu yake ingempa jibu lilelile hata kabla hajagusa seva, huku wanafunzi kwenye kompyuta za steshenari wakiendelea kusoma ndani ya kichupo.

Basi usiulize macho, uliza seva. Fungua dirisha la amri uandike:

```
curl -I https://www.example.com/pakua/hisabati-kidato-4-2023.pdf
```

Kwenye PowerShell ya Windows andika `curl.exe` badala ya `curl`, kwa kuwa huko jina fupi linaweza kuita kitu kingine. Jibu unalolitafuta liko hivi:

```
HTTP/2 200
content-type: application/pdf
content-disposition: attachment
```

Namba 301 au 302 maana yake anwani imehamishwa. Rudia kwa `curl -IL`. Ukiona `text/html`, hukufika kwenye faili bali kwenye ukurasa, pengine wa kuingia au wa kosa. Namba 404 irudishe macho yako kwenye herufi kubwa na ndogo za jina.

Kama `content-disposition` haipo na una uhakika na Hatua ya 4, huenda kuna huduma ya kati kama Cloudflare inayotoa nakala ya zamani. Ingia kwenye paneli yake usafishe akiba ya anwani hiyo, kisha pima tena. Ukirudi kwenye kivinjari, tumia dirisha la faragha, kwa maana nacho huhifadhi nakala.

## `curl` inasema `attachment`, lakini mtu bado analalamika

Hapo seva imemaliza kazi yake. Kilichobaki ni tabia za vifaa.

Firefox, kuanzia toleo la 98 la mwaka 2022, inaweza kushusha PDF kisha ikaifungua hapohapo kwenye kichupo. Mlalamikaji aangalie folda yake ya vilivyopakuliwa, atalikuta. Chrome ya kompyuta nayo hufanya hivyo kama mtumiaji aliwahi kuchagua mafaili ya aina hiyo yafunguliwe kila mara.

Aliyebofya ndani ya programu ya Facebook au Instagram yumo kwenye kivinjari kidogo cha programu hiyo, na humo kupakua mara nyingine hugoma kabisa. Mwambie aguse vidoti vitatu, achague kufungua kwenye kivinjari cha nje.

Mwenye iPhone ataulizwa kama anataka kulitazama faili au kulipakua. Wengi hubofya kutazama, kisha wanakuja kwako. Wakichagua kupakua, faili huenda kwenye programu iitwayo Files, folda ya Downloads. Mimi siku hizi naandika kabisa chini ya kiungo, kwa herufi ndogo: "PDF, MB 2. Kwenye iPhone chagua Download, kisha litafute ndani ya Files."